Mawe Thelathini ya Mpimaji

Jumamosi asubuhi, waamuzi wa mashindano ya usafi walipofika kwenye laini yetu, Mpimaji alitoka nyumbani kwake na nyundo akavunja mawe thelathini tuliyokuwa tumeyapanga kando ya njia na kuyapaka chokaa. Hakuyavunja kwa pupa ya mtu aliyepandwa na hasira. Alipiga magoti mbele ya kila jiwe, akalipasua, akachungulia ndani yake kwa kioo cha kukuzia, akaandika kitu katika daftari, kisha akasogea kwenye jiwe lililofuata. Waamuzi watatu kutoka baraza la jiji walisimama na karatasi zao mkononi wakimtazama. Alipomaliza la thelathini aliinuka, akapangusa magoti, akamgeukia mama yangu, mwenyekiti wa wanawake wa laini, akamwambia mbele ya watu wote kwamba yeye ni mwongo.

Kwa jambo hilo nilimchukia miaka minane. Hata sasa siwezi kusema nampenda. Lakini kazi yangu ni kuandika yaliyotokea mahakamani, na nimezoea kumpa hata mshtakiwa nisiyempenda nafasi yake katika safu ya gazeti. Kwa hiyo nitamweleza kama nilivyomjua.

Laini yetu ilikuwa safu mbili za nyumba za baraza zilizotazamana, chumba kimoja kimoja, katika mtaa ulio upande wa mashariki wa jiji. Katikati ilipita njia ya udongo. Upande mmoja wa njia ulikuwa na bomba la maji, moja tu kwa watu wote, na upande wa pili ulikuwa na choo. Wanaume wengi walitembea asubuhi kwenda Industrial Area na kurudi jioni wakinuka mafuta na ngozi. Mpimaji peke yake alikwenda upande mwingine, mjini, kwenye chuo, alikofanya kazi katika chumba cha mawe. Alikuwa akisafisha mawe, akiyakata, akiyabandika namba na kuyaweka kwenye droo. Mara mbili kwa mwaka alipanda Mlima Kenya na mhadhiri wake, mtu aliyesomea barafu, na huko walipima mawe siku kumi bila kuoga. Jina lake tulilijua kutoka kwa karani wa kodi, lakini hakuna aliyelitumia. Tulimwita Mpimaji kwa sababu alipima kila kitu, na kwa sababu hakutupa nafasi ya kumwita kitu kingine.

Alipima nyama. Alinunua nusu kilo kwenye bucha ya kona, akaenda nayo nyumbani, akaiweka kwenye mizani yake ndogo ya chuo, akarudi. Mwenye bucha alimwona akija na karatasi ya nyama mkononi, akaanza kelele kabla hajafika.

"Wewe mzee, leo imepungua nini tena?"

"Haijapungua. Imezidi." Akatoa kipande kidogo cha nyama, akakiweka juu ya meza. "Hiki si changu."

Wateja walicheka, na mwenye bucha naye alicheka, kisha akaacha kucheka. Alielewa kwamba mbele ya wateja saba mizani yake ilikuwa imetangazwa kuwa mbovu, na kwamba aliyeitangaza hakuwa na nia ya kuokoa senti hata moja. Kama angekuwa mwizi, mwenye bucha angemsamehe. Huyu hakumsamehe.

Alipima pia maneno, na hapo ndipo alipokuwa hatari. Swali lake lilikuwa moja: "Umeona au umeambiwa?" Aliliuliza kwa sauti ya chini, bila kukunja uso, kama karani anayeuliza nambari ya kitambulisho. Ukimwambia mvua imenyesha Thika, aliuliza. Ukimwambia mtoto wa fulani amefaulu, aliuliza. Vijana wa pale walianza kumwiga. Walimngoja kwenye kona wakamkaribisha: "Niaje, buda! Jua limechomoza leo. Tumeliona, hatujaambiwa!" Naye alisimama, akaangalia juu, akawajibu kwamba kuna mawingu na jua hawajaliona, wameona mwanga wake tu. Walipasuka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Nadhani hakujua kwamba kulikuwa na mzaha.

Siku ya mazishi ya jirani yetu wa nyumba ya nne, mzee wa kanisa alisimama kumsifu marehemu. Alisema marehemu alikuwa akiamka alfajiri kila siku kuomba. Kutoka nyuma, katikati ya wanawake waliojifunga leso, ilisikika sauti ile: "Uliona au uliambiwa?" Mzee wa kanisa alikwama. Mjane aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika. Kaka ya marehemu alimshika Mpimaji mkono akamtoa nje ya uzio, naye akatoka bila kubisha, akaenda kusimama barabarani na kofia mkononi mpaka maiti ikapita.

Mjane huyo huyo aliniambia baadaye kwamba usiku mumewe alipozidiwa, Mpimaji ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kliniki, akarudi, akabisha mlango, akasema tu, "Amepokelewa," akaenda kulala. Hilo niliambiwa. Sikuliona.

Mambo yake hayakupatana. Mtu aliyejua kupima kitu chembamba kuliko ukucha alifunga vifungo vya koti lake kombo kila siku. Upande mmoja wa kola ulipanda shingoni, mwingine ukashuka kifuani, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Alichukia uchafu lakini hakufagia mbele ya mlango wake. Alipanda mlima hadi kwenye theluji kwa akala za mpira wa tairi alizonunua sokoni Kariokor, viatu vya chuo akiwa amevining'iniza shingoni, akidai kwamba kiatu kinadanganya mguu.

Ugomvi wangu mwenyewe naye ulianza kabla ya mawe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri niliwaandikia barua watu wa laini nzima. Mama alinipa kazi ya kuandika ombi la bomba la pili. Foleni ya maji ilianza kabla ya mapambazuko. Wanawake walipigana ndoo. Mimba moja iliharibika pale baada ya mtu kusukumwa, nami nilikuwepo. Niliandika kurasa mbili kwa moyo wangu wote. Afisa wa maji alikuja, tukakusanyika, nikasoma. Nilipofika kwenye sentensi, "Maji hukatika kila siku," Mpimaji aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Si kweli. Nimeandika. Yamekatika siku nne kati ya saba."

Mama alimtazama. "Mzee, wewe uko upande gani?"

"Siko upande. Barua inasema 'kila siku'."

"Na siku nne hazitoshi kukuua kwa kiu?"

"Zinatosha. Basi aandike siku nne."

Afisa alifunga faili lake. Alisema kwa adabu kwamba laini itakapokubaliana na takwimu zake yenyewe, imwite tena. Usiku ule mama alipika, na sufuria ndizo zilizosema kwa niaba yake. Mimi nililia kwa hasira. Nilikuwa na miaka ishirini, ile ndiyo kazi ya kwanza niliyowahi kuifanya vizuri, na ilikuwa imeangushwa na neno moja ambalo, nikilisoma tena, sikuweza kulitetea.

Miezi kadhaa baadaye baraza lilitangaza mashindano ya usafi. Laini itakayoshinda ingewekewa bomba jipya. Mama alisema hakuna takwimu katika chokaa, na mara hii hakuna atakayetuharibia.

Sasa lazima nieleze habari ya mawe, maana bila hiyo Jumamosi ile haieleweki.

Mpimaji alinieleza mara moja tu, siku nilipokuwa nikifagia maji ya sabuni mbele ya bomba. Alisimama, akanyoosha kidole kwenye uchafu uliokuwa umejikusanya mbele ya ufagio wangu. "Inua ufagio," akasema. Nikainua. Uchafu ukabaki pale kama tuta dogo. "Sasa rudi nyuma, fagia tena, lakini usifike pale pa kwanza." Nikafanya, na tuta la pili likabaki nyuma ya lile la kwanza. "Barafu ya mlimani ni ufagio," akasema. "Ikishuka bondeni inasukuma mawe mbele yake. Ikiyeyuka, tuta linabaki. Tuta la nje ni la kale. La ndani ni la juzi. Hivyo ndivyo mhadhiri anavyofundisha."

"Na wewe?"

"Mimi nimepima."

Jiwe, alisema, likitoka chini ya barafu ni bichi. Likikaa hewani linaanza kuoza kutoka nje, polepole kuliko kitu chochote unachokijua. Ukilipasua utaona ukingo wenye rangi nyingine, kama ganda la mkate. Aliuita ngozi ya jiwe. Ngozi ikiwa nene, jiwe limekaa nje miaka mingi. Ikiwa nyembamba, limetoka kwenye barafu hivi karibuni, kwa hesabu za mlima. Unachukua mawe ya aina moja kutoka tuta moja, mengi, unayapasua, unapima ngozi, na tuta linakuambia umri wake.

Katika bonde fulani la juu yeye alikuwa amepima na kupata kinyume. Tuta la ndani lilikuwa na ngozi nene, la nje nyembamba. Maana yake, kwa maoni yake, ilikuwa moja: barafu ilikuwa imeondoka zamani sana, ikakaa mbali, kisha ikarudi, ikapita juu ya tuta la zamani bila kulibomoa, ikaweka tuta jipya mbele. Alisema hata kwa macho ungeweza kuona: tuta la ndani lilikuwa na mgongo laini, kama kitanda kilicholaliwa.

Mhadhiri alimcheka. Hayo nayo aliniambia mwenyewe, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi, kwa sababu hakujua kuongeza chumvi. "Barafu inayochimba bonde zima ipande tuta kama mbuzi anayeruka ua? Umebadilisha magunia, mzee. Mawe ya nje umeyaita ya ndani." Na katika ripoti ya chuo vipimo vile vilitupwa, na chini yake mhadhiri aliandika kwamba kulikuwa na kosa la msaidizi.

Kosa la msaidizi. Aliyatamka maneno hayo matatu mbele yangu kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. Alibakiza mwaka mmoja kustaafu. Miaka ishirini na mitano ya droo na namba ingefungwa kwa maneno hayo.

Basi alichukua likizo yake mwenyewe akapanda mlima peke yake. Safari ya kwanza alileta mawe kumi na tano ya tuta la nje tu. Akarudi nyumbani, akayashusha, ndipo akapanda tena kuleta kumi na tano ya tuta la ndani. Kwa njia hiyo magunia yasingeweza kukutana hata yangetaka. Ya nje aliyapanga mstari mmoja chini ya dirisha lake. Ya ndani mstari mmoja kando ya sanduku la makaa. Kila jiwe lilifungwa uzi wenye kikaratasi: NJE, au NDANI. Hakuandika kwa rangi. Rangi, alisema, ingeingia kwenye ngozi. Na hakuyapasua. Mhadhiri alikuwa amekubali kuja mwenyewe, Jumamosi saa nne, ili yapasuliwe mbele ya macho yake, jiwe kwa jiwe, na asiwepo mtu wa kusema lolote baadaye.

Mawe yalikaa pale wiki tatu. Vijana walipita wakiuliza, "Buda, bado hayajaanguliwa?" Aliwafukuza watoto waliotaka kuyakalia, lakini kuku wa jirani walilala juu yake na hakuwagusa.

Waamuzi wa usafi nao walipangiwa Jumamosi ile ile.

Ijumaa mchana, yeye akiwa kazini, wanawake walifagia laini mwanzo hadi mwisho. Mama alisimama mbele ya nyumba ya Mpimaji mikono kiunoni. Mbele ya mlango wake palikuwa na mawe yaliyofungwa vikaratasi, na vikaratasi vilikuwa vinapepea. Katika kanuni za mashindano, karatasi yoyote uwanjani ilikuwa alama moja imepotea.

"Nyambura," akaniita, "toa takataka hizo. Na mawe yasikae bure. Yapange kando ya njia, nusu huku, nusu huku, tuyapake chokaa kama ya kwa mkuu wa wilaya."

"Ni ya Mzee, mama."

"Atayarudisha Jumapili. Yatakuwa masafi zaidi."

Nilijua ni mawe gani. Katika laini nzima mimi peke yangu nilijua. Nilisimama nikiwaza barua yangu ya kurasa mbili, halafu nikafungua nyuzi. Vikaratasi nilivitia kwenye moto wa taka pamoja na maganda ya viazi. Kisha nikabeba mawe, mstari mmoja kwanza, nikaupanga upande mmoja wa njia. Halafu mstari wa pili, upande wa pili. Sikuyachanganya. Si kwa huruma. Ni hulka yangu tu. Hata vijiko siwezi kuvichanganya na uma. Jioni chokaa ilikuwa imekauka na njia yetu ilipendeza kweli.

Alirudi kumekwisha kuwa giza, akaingia ndani bila kuona.

Jumamosi nilishaieleza. Bado mambo mawili. La kwanza ni kwamba alipokuwa akiyavunja hakuwa anatulipizia; alitaka kujua kama tumeyachanganya. Alifika kwenye jiwe la nane hivi la upande wa bomba, akasimama, akarudi kuangalia ya kwanza. Kisha akaenda upande wa choo, akapasua matatu, akachuchumaa akilinganisha vipande. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Niliona uso wake, na kwa kuwa nilikuwa na akili, nilielewa: upande mmoja wote ulikuwa wa ngozi moja, upande wa pili wote wa nyingine. Alijua hayakuchanganywa. Alichopungukiwa ni kujua upande upi ulikuwa wa nje na upi wa ndani. Na hilo lilikuwa kichwani mwa mtu aliyeyabeba.

Alipomaliza yote aliuliza, "Nani aliyabeba?"

Waamuzi walinong'onezana.

"Sina ugomvi. Nani aliyabeba?"

Mara ya tatu sauti yake ilipasuka. Hapo mama akajitokeza mbele yangu, akanifunika kwa mgongo wake. "Nimeyabeba mimi. Unataka nini?"

"Uliyaweka vipi? Ya dirishani uliyaweka upande gani?"

"Niliyaweka kama mawe."

"Ulianza na yapi?"

"Mzee, umetukosesha bomba mara mbili sasa. Hayo mawe yako niliyamwaga tu, hivi na hivi."

Akamtazama. "Mama Nyambura, wewe ni mwongo," akasema. "Hayakumwagwa."

La pili ni hili: alikuwa amesema kweli. Mama alikuwa anadanganya, na alikuwa anadanganya kwa ajili yangu. Nilisimama nyuma ya mgongo wake na jibu mdomoni. Kwanza nilinyamaza kwa woga. Halafu, neno lile lilipotoka mbele ya waamuzi na mama akashika leso yake kana kwamba amepigwa, nilinyamaza kwa makusudi.

Saa nne mhadhiri alifika na gari lake dogo la kijani. Alitembea kati ya vipande vyeupe, akaokota kimoja, akakitupa.

"Upande mmoja ni mnene, mwingine mwembamba," Mpimaji alimwambia, vifungo vyake kombo kama kawaida. "Vipimo hivi hapa."

"Upi ni upi?"

Mpimaji aliangalia upande wa bomba, kisha upande wa choo.

"Kwa hiyo sasa hata wewe hujui," mhadhiri akasema, akapanda gari.

Bomba lilikwenda kwa laini ya jirani. Vipande vya mawe vilifukia mashimo ya njia kabla ya wiki kwisha. Kuanzia hapo laini nzima ilimtenga. Ndoo yake ilirudishwa mwisho wa foleni kila ilipofika mbele, na yeye hakulalamika. Alisimama nyuma ya ndoo akaandika, nadhani, ni mara ngapi. Salamu zake hazikuitikiwa. Wanawake walimwaga maji machafu mbele ya mlango wake. Mimi pia nilimwaga. Mwaka uliofuata alistaafu na kuhamia ng'ambo ya Mathare, kwenye chumba cha mabati, na siku alipobeba vitu vyake hakuna aliyemsaidia na meza.

Nilipata kazi gazetini. Kwa miaka minane nilikuwa na siri ndogo isiyomhusu mtu yeyote duniani ila yeye na mimi, na sitasema ilinisumbua kila siku. Ilinisumbua siku kadhaa kati ya saba.

Nilimkuta Kariokor, amekaa kwenye kigoda cha fundi wa akala, mguu mmoja mtupu, akingoja soli. Alikuwa amekonda. Koti lilikuwa lile lile na vifungo vile vile. Nilitaka kupita. Nikajikuta nimesimama.

"Shikamoo, Mzee."

Aliniangalia. "Wewe ni binti wa mwenye chokaa."

"Mama alisema uongo siku ile," nikasema. "Hakuyabeba yeye. Niliyabeba mimi."

Fundi aliacha kugonga. Mpimaji hakushtuka. "Umeona, au—" Akaacha. Naamini ndiyo mara pekee alipowahi kuliacha swali lile katikati.

"Sikuyachanganya," nikaendelea. "Nakumbuka. Mstari wa dirishani niliu—"

"Usiseme!" Aliinua mkono wote. Kisha akapapasa koti, akatoa daftari, lile lile, kona zake zimekuwa kama kitambaa. Akachana ukurasa mtupu wa nyuma, akanipa na penseli. "Andika. Geukia kule. Uandike na jina lako."

Niligeukia vibanda vya ngozi nikaandika mistari miwili na jina langu. Alinyoosha mkono bila kuangalia karatasi, akaikunja mara nne, akamwomba fundi kipande cha uzi wa akala. Akaifunga kwa msalaba, kama alivyokuwa akifunga vile vikaratasi, akaiweka katikati ya daftari.

"Hutasoma?"

"Nikisoma peke yangu, nani atajua sikujipangia? Nitampelekea yeye. Afungue yeye, na daftari liwe mbele yake."

"Bado yupo chuoni?"

"Sijui. Nitauliza."

Nilisimama pale. Nilijua sikuwa na haki ya kuomba kitu, lakini kazi yangu imenifundisha kuomba. "Mzee, nimeshaandika. Siwezi kubadilisha kitu sasa. Niambie: upande gani ulikuwa na ngozi nene? Wa bomba au wa choo?"

Alivaa akala yake polepole, akajaribu soli chini, akasimama. Macho yake hayakuwa na ukali. Yalikuwa yanapima.

"Wewe ulikaa na jibu lako miaka minane," akasema. "Kaa na swali hili."

Akaondoka akipita kati ya mikanda na mabegi, koti limepanda upande mmoja.

Miezi michache baadaye nilipiga simu chuoni. Mhadhiri alikuwa amehamia nchi nyingine. Karani hakujua habari ya daftari wala ya karatasi iliyofungwa uzi. Nilikwenda ng'ambo ya Mathare kuuliza. Chumba kile kilikuwa na watu wengine, na walisema mzee alitoka na begi moja akisema anapanda mlima. Hilo waliambiwa, hawakumwona akipanda.

Nilichoandika nakijua. Mawe ya dirishani, yaani ya tuta la nje, niliyaweka upande wa bomba. Kama upande wa bomba ndio uliokuwa na ngozi nyembamba, basi msaidizi hakukosea, na barafu ilirudi. Kama ndio uliokuwa na ngozi nene, alikosea. Vipande vilikuwa hatua kumi kutoka kwangu asubuhi nzima. Sikuinama kuangalia.